Unajua Mwenyewe

Nimerudi ofisini Jumatatu, maziwa yakivuja kwenye blauzi,
mtoto nimemwacha kwa mama mkwe kule Zepisa.
Vumbi la siku themanini na nne za likizo
limekaa juu ya kompyuta ya ushirika
kama limepangishwa.
Nikaipangusa kwa kanga, nikaiwasha. Ikakohoa,
ikaniita kwa cheo, Msimamizi,
kisha ikaniomba neno.

Neno gani?

Zamani vidole vilikuwa vinaliandika vyenyewe,
mimi nikizungumza na watu.
Leo nimevitazama, navyo vikanitazama.

Nikaandika jina la mume wangu. Hapana.
Jina lake na mwaka wa harusi. Hapana.
Zabibu. ZABIBU. Hombolo, na namba ya ile laini
niliyoipoteza mnadani. Hapana, hapana.
Nikajaribu hata jina la mtoto, ujinga mtupu:
neno lilitungwa kabla mimba haijatunga.

Chini ya kisanduku pana dokezo.
Nililiandika mimi, yule mimi wa mwaka juzi,
mwenye kiburi na usingizi wa kutosha:
*Unajua mwenyewe.*

Dada, sijui.

Nje wamekaa juu ya kreti tupu.
Malipo ya zabibu za Agosti yameshaingia benki,
mgawanyo umo humu ndani: kilo za kila mtu,
deni la salfa, nani aliazima bomba la kupulizia akalirudisha limepasuka.
Mvua imeonekana upande wa Kongwa
na mbegu ya mtama haikopeshwi kwa maneno.
Damari Ndahani ameingia na risiti kwenye nailoni.
"Si uliandika wewe? Basi kumbuka,"
kama mtu anayekuambia umeze mate.
Mzee Mazoya naye, kilo zake jana zilikuwa mia saba na thelathini.
Leo asubuhi zimefika mia nane.
Tukichelewa mpaka Ijumaa atatudai shamba zima.

Alhamisi akaja fundi kutoka Majengo,
Sospeta, kijana wa miaka kama ishirini,
flashi kaifunga kwa kamba ya kiatu, shingoni.
Nilikuwa nimejiandaa kujieleza.
Hakuuliza neno. Hakuuliza hata jina langu.
Akaizima, akachomeka, akaiwasha,
herufi nyeupe zikaruka kwenye weusi kama bisi,
akabonyeza hapa, akasubiri, akabonyeza pale.
Dakika kumi na mbili, nilizihesabu ukutani.
Mlango hakuugusa. Alipitia paani,
kama wale wanne na mgonjwa wao kule Kapernaumu,
na mimi niliyezaliwa kwenye tembe
sikuwahi kufikiri kwamba paa nalo ni njia.

"Weka neno jipya, mama,"
akageukia ukutani
kama mtu anayempisha mwenzake avae.
Elfu thelathini, na soda. Akapanda bodaboda.

Kilo za Mzee Mazoya: mia sita na tisini na mbili.
Alianza kucheka yeye,
ndipo na sisi tukapata ruhusa.

Hadi saa kumi na moja nimelipa watu arobaini na watatu.
Kila kitu kimo, hata koma.
Kilichokosekana ni lile neno.
Mlango umefunguka, lenyewe halikurudi,
na sasa halina kazi, ndiyo maana linanisumbua.
Mwaka juzi nilipenda nini kiasi hicho,
nikakiamini na funguo za watu wote,
nikaapa kwamba hiki, hiki sitakisahau?

Usiku umeme umekatika.
Nampakata mwanangu, nampimia gizani, moja moja:
jina la mbwa wetu wa Zepisa, kijito tulichovuka tukienda shule,
yule kijana wa kwaya, Mungu anisamehe.
Ananyonya tu.
Hakatai hata moja.